Gari lao limegonga letu: nani alipe, na tulitengeneze namna gani?

Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi. Ilikuwa siku ya posho, na nilikuwa nimesimama na gari la parokia kwenye mwinuko mmoja wa komini ya Kimemi, hapa Butembo, nyuma ya kamionete iliyobeba mifuko ya maharagwe. Mbele kulikuwa na pikipiki iliyozimika katika matope, basi msururu wote ulikuwa unangoja. Kisha kamionete ikaanza kurudi nyuma, polepole. Nilipiga klaksoni, nikapiga tena. Nyuma yangu kulikuwa na gari lingine, sikuwa na pa kukimbilia. Ikatugonga mbele, upande wa kushoto.

Sauti haikuwa kubwa. Parishoki lilipasuka, taa kubwa ya kushoto ikavunjika, kapo ikajikunja kwenye pembe. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Mama mmoja wa kwaya niliyekuwa naye alisema tu "Yesu!" na kushika kichwa. Dereva wa kamionete, kijana ambaye naona hajafika miaka 25, akashuka, akaangalia, na neno lake la kwanza likawa: "Papa, mbona umenigonga?"

Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka, na wengi wakamuunga mkono: aliye nyuma ndiye mkosaji! Kwa kawaida wanasema kweli. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka kila dereva aache nafasi ya kutosha kati yake na gari lililo mbele yake, na ndiyo sababu polisi akikuta gari moja limegonga lingine kwa nyuma huanza kwa kumwangalia yule wa nyuma. Lakini gari likirudi nyuma lenyewe na kukukuta umesimama, kosa si lako. Shida ni kwamba baada ya kugongana, magari mawili yaliyogusana yanaonekana sawasawa, iwe la nyuma lilikwenda mbele au la mbele lilirudi nyuma. Lazima uwe na kitu cha kuonyesha.

Tangu siku ile, ndugu kadhaa wa makanisa jirani wameniuliza tulifanya namna gani hata tukalipwa. Ninaandika hapa yote pamoja, na pia mahali ambapo mimi mwenyewe nilitaka kupotea njia.

Dakika za kwanza

Kabla magari hayajasogezwa, nilipiga picha kwa telefone. Si picha ya taa iliyovunjika tu, kama wengi wanavyofanya. Piga kwanza ukiwa mbali, magari yote mawili yaonekane pamoja na barabara na kitu kisichohama: duka, nguzo, ukuta wa shule. Piga plaki za magari yote. Piga chini, kwenye magurudumu. Ndiyo maharibifu mwishoni. Picha ya magurudumu ndiyo iliyotusaidia kuliko zote: katika matope, alama za kamionete zilikuwa zimeteleza kushuka karibu hatua mbili, na magurudumu yetu yalikuwa yametulia mahali pamoja.

Pili, tafuta shahidi asiyekuwa ndani ya gari lako. Mama wa kwaya alikuwa ameona, lakini kila mtu angesema ni mtu wangu. Pembeni kulikuwa na mama muuza makala aliyetazama kila kitu tangu mwanzo. Nilimwomba jina na namba yake ya simu, akakubali. Mashahidi wa namna hii hutawanyika upesi, kwa hiyo usingoje polisi afike ndipo uanze kuwatafuta.

Yote hayo yasichukue muda mrefu. Washa taa za hatari, weka pembe tatu nyuma, na picha zikiisha sogezeni magari pembeni, maana ajali ya pili mara nyingi huwa mbaya kuliko ya kwanza. Lakini mtu yeyote akiwa ameumia, hata kidogo, mambo yanabadilika: mhudumieni kwanza, iteni polisi, na hakuna dereva kuondoka kabla hawajafika. Kukimbia baada ya ajali ni kosa lingine kabisa mbele ya sheria, zito kuliko lile la kugonga.

Kijana mmoja katika kundi la watu alitaka kunisaidia kwa kumnyang'anya dereva ufunguo, "ili asikukimbie, Pasta". Nilikataa. Ufunguo, telefone na karte roze ya mtu si dhamana yako, na tunajua katika miji yetu namna neno dogo barabarani linavyogeuka mawe. Nilimwita yule kijana pembeni, nikamwambia jina langu, nikamwuliza lake. Watu walipoanza kuondoka, aliniangalia akasema, "Freni ya mkono haishiki, Papa. Nilimwambia bosi tangu mwezi uliopita."

Kama ningekuwa nimemfokea mbele ya watu, sidhani kama angelisema neno hilo.

Karatasi za kutazama ni tatu: permi ya dereva, karte roze ya gari, na karatasi ya asiransi. Zipige picha zote. Kwenye asiransi soma jina la kampuni, namba ya mkataba na tarehe ya mwisho. Ya kamionete ilikuwa imekwisha tangu miezi miwili. Gari likiwa limetoka Uganda au nchi nyingine jirani, kama malori yanayoingia kwa Kasindi, uliza pia karte ya njano ya COMESA, ambayo ndiyo asiransi inayovuka mpaka pamoja na gari, na uandike namba yake.

Polisi wa barabarani, wale tunaowaita rulaji, walifika, wakachora namna magari yalivyosimama na kuandika prosè-verbali. Omba namba ya karatasi hiyo na jina la ofisi iliyoiandika kabla hamjaachana. Kazi yao ni kuandika walichokiona na walichoambiwa, na kutoza faini kwa kosa la barabara, ambayo hulipwa kwa risiti. Kupanga nani amlipe mwenziwe kiasi gani si kazi yao, hata kama afisa fulani anajitolea sana kuifanya.

Asiransi inalipa nini?

Hapa kuna kutoelewana kwingi kati ya Wakristo wetu. Asiransi ambayo kila gari linalazimishwa kuwa nayo, tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, ni ya kulipa hasara unayomletea mwingine. Hailipi gari lako mwenyewe. Kwa hiyo ukigongwa na mwenye kosa ni yule mwingine, unapeleka madai kwa asiransi yake, si kwa yako. Na kama wewe ndiye uliyegonga, asiransi yako itamtengenezea mwenzako na wewe utajitengenezea kwa pesa yako, isipokuwa ulinunua mkataba mkubwa zaidi unaofunika hatari zote.

Zamani hapakuwa na kuuliza ni kampuni gani, maana kazi hiyo ilikuwa ya SONAS peke yake. Sheria ya Machi 2015 ilifungua mlango, na kuanzia 2019 kampuni nyingine zilipewa ruhusa. Ndiyo maana siku hizi jina lililoandikwa kwenye karatasi ni la lazima: ukikosea kampuni, unapoteza siku. Na siku ni chache. Mkataba unaandika ni siku ngapi za kutangaza ajali. Usiache juma liishe. Wewe uliyegongwa peleka barua, nakala ya prosè-verbali, picha, na devi ya garaji, na uhakikishe kwamba aliyekugonga naye ametangaza kwa upande wake.

Neno moja ambalo watu husahau: usianze kutengeneza kabla kampuni haijamtuma mtu wake kuliona gari. Ukiisha kubadilisha taa na kupaka rangi, atakadiria nini? Kama ni lazima gari litembee, fundi afanye lile la lazima tu, na vipande vilivyovunjika vitunzwe katika mfuko.

Kwetu sisi mlango huo ulikuwa umefungwa, kwa sababu ya ile miezi miwili. Ilibaki mwenye kamionete.

"Dereva ndiye aligonga, dereva alipe"

Hivyo ndivyo alivyosema bosi kwenye simu. Ni mfanyabiashara, mtu mwenye heshima, mshiriki wa kanisa jirani. Huenda alikuwa hajui sheria. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, ambacho ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na kingali kinatumika, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuitengeneza. Na kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mwenye kazi anajibu kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa katika kazi aliyompa. Kijana alikuwa anapeleka maharagwe ya bosi, kwa gari la bosi, lenye freni ambayo bosi aliambiwa habari yake. Mshahara wake wa mwezi usingefika hata nusu ya hasara. Kumdai yeye peke yake kungekuwa kumfukuza kazi kwa njia nyingine.

Tulikwenda kumwona, mimi na mzee mmoja wa kanisa. Alitupokea vizuri, akaagiza chai. Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua linakuja: "Pasta, si ninyi mnahubiri msamaha?"

Ndugu zangu, swali hilo mtaulizwa nanyi, hata kama si wachungaji. Nilimjibu kwamba yule kijana nilimsamehe pale pale barabarani, na yeye bosi pia sina neno juu yake moyoni. Lakini gari si langu. Lilinunuliwa kwa matoleo ya watu, na wengine kati yao ni wajane wanaouza sombe sokoni. Sina ruhusa ya kuwa mkarimu kwa pesa yao. Tena soma Kutoka sura ya 21 na 22: mtu aliyeacha shimo wazi ng'ombe wa jirani akaanguka, mtu aliyewasha moto ukala shamba la mwenziwe. Hao hawakukusudia mabaya, na hata hivyo wanaambiwa walipe. Zakayo alipopokelewa na Yesu hakusema kwamba sasa madeni yake yamefutwa, bali alianza kuyahesabu.

Kama gari lingekuwa langu mwenyewe, ningekuwa huru kuacha yote au sehemu. Huo ni uamuzi wa mwenye mali. Nimewahi kuuchukua mara moja, motari mmoja maskini alipovunja kioo changu cha pembeni, na sijutii.

Bosi alinyamaza kidogo, akasema: "Leteni devi."

Garajini

Tuliomba devi kwa garaji tatu. Ya kwanza iliandika "kutengeneza mbele yote, dola 380", bila neno lingine. Devi ya namna hiyo usiipeleke kwa mtu, hata wewe usingeikubali. Nyingine mbili ziliandika kila kitu kwa mstari wake: parishoki la mitumba, taa, kazi ya kunyoosha kapo, mastiki na rangi, kazi ya fundi. Moja ilifika dola 265, nyingine 240. Tulichukua ya 240, si kwa sababu ni ya bei ndogo tu, bali fundi alikubali tununue vipande pamoja naye na kuturudishia vile vya zamani.

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Gari letu lilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa kulia. Ulitoka kwenye lango la shule, na aliyeukwaruza ni mimi. Fundi aliuona. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa zawadi, "Pasta, tuingize na mlango? Dola 45 tu. Rangi ni ile ile, hawawezi kujua." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilicheka kidogo na kuangalia pembeni, na yeye akaandika. Nilitembea na devi ile ya dola 285 mfukoni usiku mzima. Ni mke wangu aliyeisoma mezani akauliza, "Huyu aligonga na mlango?" Asubuhi nilirudi garajini, tukaandika nyingine.

Ninasema hivi kwa sababu katika makanisa yetu tunalalamika sana juu ya wale wanaogonga na kukataa kulipa. Juu ya wale waliogongwa ambao wanaingiza na mapine mapya, tunanyamaza.

Sasa mambo ya ufundi, ambayo nilifundishwa na fundi yule yule, maana kazi yake anaijua. Maharibifu mengine hayaonekani mpaka parishoki liondolewe. Kwetu, chuma kinachoshika radiatere kilikuwa kimepinda na maji yalivuja kidogo. Hiyo iliongeza dola 30, jumla ikawa 270. Kwa hiyo msikubaliane bei ya mwisho kabla ya kufungua. Na kama baada ya kugongwa unaona maji chini ya gari au sindano ya joto inapanda, simama, lisukumwe. Mashine iliyoungua ni ya bei kubwa kuliko yote niliyoandika hapa, na hasara hiyo itakuwa juu yako wewe uliyeendelea kuendesha.

Fundi akitaka kuchomelea kwa umeme, aondoe kwanza waya za batri. Mkija kwenye rangi, omba kuona mahali palipotengenezwa kabla hapajapakwa: mastiki iliyorundikwa nene ili kuficha bonde itapasuka miezi michache tu katika barabara zetu. Rangi yenyewe iangalie mchana juani, si ndani ya garaji.

Juu ya taa nataka kukaa kidogo. Vipande vingi vya mitumba vinatufikia kutoka Kampala, na Uganda wanaendesha upande wa kushoto wa barabara; magari yanayotoka Japani vilevile. Taa zao za chini zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto, ambao ni ukingo wa barabara kwao. Kwetu tunaendesha kulia, na upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Ukifunga taa hiyo bila kufikiri, kila usiku unamchoma macho anayekuja mbele. Uliza muuzaji taa ya gari la usukani wa kushoto. Ukikosa, fundi airekebishe ishuke, na muijaribu jioni mbele ya ukuta. Magari mengi yetu yana kosa hili hata bila ajali, na mimi nilikuwa nalo miaka mitatu bila kujua.

Karatasi ya makubaliano

Bosi hakuwa na dola 270 siku hiyo. Tuliandika karatasi, nakala mbili, na ninaweka hapa maneno yake karibu yote, kwa wale watakaoihitaji:

"Leo tarehe fulani, mahali fulani, mimi fulani, mwenye gari la plaki namba hii, ninakubali kwamba gari langu, likiendeshwa na fulani, lilirudi nyuma na kugonga gari la parokia lenye plaki namba hii. Vitu vilivyoharibika ni hivi. Gharama yake kwa devi iliyofungwa pamoja na karatasi hii ni dola za Marekani 240 (mia mbili na makumi ine). Kama garaji ikifungua na kukuta uharibifu mwingine uliotoka kwa ajali hii, tutauona pamoja na kuuongeza. Nitalipa dola 150 leo, na zilizobaki kwa mara mbili, tarehe hii na tarehe hii. Nikiisha kulipa zote, parokia haitadai tena neno lolote juu ya ajali hii."

Halafu sahihi zetu, ya dereva, na za mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Andika pesa ya aina gani, maana kama deni ni la dola na mtu analeta faranga, mtagombana juu ya bei ya siku. Na hesabu noti mbele yake, moja moja, ukiziangalia juani: tulipewa noti moja ya 20 yenye mpasuko mdogo kwenye ukingo, na kila mtu anajua hakuna duka la vipuri litakaloipokea. Aliibadilisha bila shida. Kila malipo yana risiti yake.

Yule sentensi ya mwisho, ya kutodai tena, usiiweke kama mtu yeyote aliumia. Maumivu ya shingo huja siku ya pili au ya tatu.

Je, kama angekataa? Tungemwandikia barua ya kumdai, yenye tarehe, na kutunza nakala iliyotiwa sahihi ya kupokea. Kisha tungepitia kwa wazee wa makanisa yote mawili au kwa shefu wa kartie, na mwisho tribunali ya amani, tukiwa na prosè-verbali, picha na jina la mama wa makala. Gari linalotafuta pesa, kama teksi, linaweza kudai pia siku lililolala garajini, lakini andika mapato yako ya kila siku tangu mapema, si baada ya kugongwa.

Dola 70 zilikuja siku ile ile tuliyoandika. Zile 50 za mwisho zilichelewa siku tisa, na kijana ndiye aliyezileta, akiendesha kamionete ile ile. Nilimwomba asimame kwenye mteremko wa kanisa na kuvuta freni ya mkono. Ilishika. Tuliandika risiti, tukampa bosi karatasi yake iliyotiwa sahihi kwamba deni limekwisha. Mlango wa kulia bado una mkwaruzo wake. Baraza la parokia limesema litauangalia katika bajeti ya mwaka ujao.